Sura ya Sita: Fedha Yenye Mwenyewe

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanakijiji wa Java aliyeingia katika tawi dogo la Bank Rakyat Indonesia (BRI) aliweza, kwa hesabu ya karatasi, kukopa kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, akageukia dirisha la pili, akaziweka fedha zilezile kwenye akaunti ya akiba na kulipwa asilimia 15. Hakuhitaji kulima wala kuuza hata kilo moja ya mchele. Viwango vyote viwili vilipangwa na serikali kwa nia njema: kimoja kimwonee huruma anayekopa, kingine kimtie moyo anayeweka. Mtumishi wa tawi hakuwa mjinga. Alijua kwamba kila mteja mpya wa akiba ni hasara mpya, kwa hiyo hakuhangaika kumtafuta.

Kwetu, mjadala wa kuimarisha vyombo vinavyokopesha wafanyabiashara wadogo huanzia kwenye mtaji na kuishia hapohapo. Mfuko umelegea, basi uongezewe fedha. Waziri anasoma tarakimu bungeni, meza zinagongwa, na baada ya miaka mitatu tunarudi palepale. Matawi ya vijijini ya BRI, yaliyoitwa yuniti, hayakuwahi kulia njaa ya mtaji katika miaka ya 1970. Fedha za mafuta zilikuwa zinaingia Jakarta kwa wingi. Ila hayakuwa na mtu ambaye angeumia mkopo usiporudi. Mtu huyo alipatikana kati ya mwaka 1983 na 1986, na namna alivyopatikana ndiyo habari ninayoiona kubwa kuliko zote katika historia ya mikopo midogo, kubwa hata kuliko ile ya Bangladesh iliyopata umaarufu na Tuzo ya Nobel.

Benki yenyewe ilianza mwaka 1895 katika mji wa Purwokerto, Java ya Kati. Raden Aria Wirjaatmadja, ofisa mzawa katika utawala wa Wadachi, aliona watumishi wenzake wanavyozama katika madeni ya wakopeshaji wa mitaani. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha mwalimu aliyefanya sherehe kubwa kuliko mshahara wake, jambo ambalo msomaji wa Tanga au Mombasa hahitaji kufafanuliwa. Wirjaatmadja akaanza kuwakopesha kwa fedha za msikiti alizokabidhiwa, nao wakawa wanarejesha kidogokidogo. Fedha ile ilikuwa na wenyewe wanaojulikana, wanaosali safu moja na mkopaji. Baadaye ikaundwa benki kamili ya akiba na mikopo, na baada ya uhuru ikawa mali ya serikali.

Ndipo ukaja mpango wa BIMAS. Indonesia ilikuwa miongoni mwa nchi zinazoagiza mchele kwa wingi kupita zote duniani, na serikali ya Suharto iliapa kujitosheleza. Wakulima wapewe mbegu bora, mbolea na dawa kwa mkopo. BRI ifungue yuniti kwenye maeneo ya mpunga ili kuupitisha mkopo huo. Kufikia mwaka 1983 yuniti zilikuwa zimefika kama 3,600. Orodha ya wakopaji ilitoka kwa watendaji wa kijiji na maofisa wa kilimo. Benki ilipokea majina, ikahesabu, ikatoa. Mavuno yakiharibika, deni linasogezwa mbele. Yasipoharibika, jirani aliyesogezewa mbele mwaka jana anakuuliza kwa nini wewe ulipe. Sehemu kubwa ya hasara ilibebwa na serikali, si na yuniti.

Lazima tuwatendee haki waliobuni mpango huo. Katikati ya miaka ya 1980 Indonesia ilijitosheleza kwa mchele, na mwaka 1985 Suharto alialikwa FAO, Roma, kupongezwa. Kama mradi wa kilimo, BIMAS ilizaa. Kama benki, iliacha maelfu ya ofisi zenye watumishi, samani na vitabu vilivyojaa madeni yasiyodaiwa na mtu yeyote. Hapo ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo: mfuko unaweza kuwa umetimiza lengo la siasa yake na bado ukawa umekufa kama chombo cha kukopesha.

Tanzania ilipita njia hiyohiyo katika miaka hiyohiyo. Benki ya Maendeleo Vijijini, TRDB, ilianzishwa mwaka 1971. Vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa Mei 1976, kijiji kizima kikawa ndiye mkopaji. Mwenyekiti anatia saini, mbolea inashushwa, na anayedaiwa ni kijiji, maana yake si mtu yeyote. Mwaka 1984 benki ikawa CRDB. Tume ya Nyirabu ilipokagua mabenki mwishoni mwa muongo huo ilikuta madeni sugu makubwa, na mwaka 1991 ikabidi kiundwe chombo maalumu, LART, cha kufuatilia madeni ya benki za umma. CRDB ilinusurika kwa kuuzwa kwa wananchi, vyama vya ushirika na wahisani mwaka 1996. Benki inayoitwa hivyo leo imebeba jina la ile ya zamani, lakini wenye kuidai ni wengine.

Turudi Jakarta. Bei ya mafuta ilianza kuteremka mwaka 1982, na serikali haikuweza tena kuendelea kuzijaza yuniti. Juni 1983 mabenki yaliruhusiwa kujipangia riba. Mbele ya mkurugenzi mkuu mpya wa BRI, Kamardy Arief, kulikuwa na njia mbili: kuzifunga yuniti, au kuzifanya zijilishe zenyewe. Wataalamu wa Wizara ya Fedha, pamoja na washauri kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, Richard Patten akiwa mmojawapo, walitaka njia ya pili ijaribiwe. Mwanzoni mwa 1984 ukazinduliwa mkopo mmoja tu, Kupedes, badala ya rundo la mikopo yenye majina na masharti tofauti. Haukuwa wa mpunga peke yake. Muuza supu, fundi baiskeli, mchuuzi wa samaki, yeyote mwenye shughuli inayoingiza kipato aliruhusiwa kuomba.

Kisha wakaja kwenye bei, na hapa ndipo washauri wa maendeleo wa siku zile walipokunja uso. Riba ilikuwa asilimia 2 kwa mwezi ya kiasi cha mwanzo cha mkopo, bila kupungua kadiri deni linavyopungua. Mteja aliyekopa rupia milioni moja kwa mwaka alitoa rupia 20,000 za riba kila mwezi. Lakini akilipa kwa wakati miezi sita mfululizo, alirudishiwa robo ya riba yake, yaani rupia 30,000 taslimu. Kwa mlipaji mwaminifu riba halisi, ukihesabu kwa namna ya mabenki, ilikuwa karibu asilimia 32 kwa mwaka. Ni nyingi, ila haifikii hata kidogo ya wakopeshaji wa mitaani wa Java, sembuse zile zetu za mikopo ya kausha damu.

Kwa nini isiwe asilimia 9? Chukua mkopo wa laki tano za Kitanzania. Kwa asilimia 9, hata mteja akilipia riba ya mwaka mzima bila kupunguziwa, benki inapata shilingi 45,000. Humo itoke mishahara, kodi ya ofisi, fedha itakayopotea kwa wasiolipa, na nauli ya ofisa mikopo ya kwenda kuliona genge lilivyo kabla ya kutoa, kisha kwenda tena marejesho yakichelewa. Ofisa huyohuyo akishughulikia mkopo wa milioni 500 anatumia siku zilezile na anaingiza mara elfu moja. Ukimpangia bei moja kwa wote wawili, atahamia kwa tajiri kimyakimya, na hakuna semina itakayomrudisha. Unafuu wa riba kwa mnyonge una tabia ya kuishia mikononi mwa asiye mnyonge, kwa kuwa fedha ya bei rahisi hugombewa, na katika kugombea mwenye jamaa ofisini hushinda.

Msomaji Mwislamu ana haki ya kuguna hapa. Indonesia ni nchi yenye Waislamu wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na mjadala huo wamekuwa nao. Mwaka 2021 tawi la Kiislamu la BRI liliunganishwa na mengine mawili kuunda Bank Syariah Indonesia. Lakini hata benki ya Kiislamu, inayonunua cherehani na kumuuzia fundi kwa faida inayojulikana, haina budi kuipata humo nauli ya ofisa wake. Sura ya muamala inabadilika; gharama ya kumfikia fundi haibadiliki.

Kila yuniti ilipewa vitabu vyake vya hesabu na kupimwa kwa faida na hasara yake yenyewe, kama duka. Ikiwa na fedha za ziada, iliziweka kwenye tawi la juu na kulipwa. Ikipungukiwa, ilikopa huko na kulipia. Hakukuwa tena na fedha ya bure ya kutoka makao makuu. Mkuu wa yuniti aliruhusiwa kuidhinisha mikopo mpaka kiwango fulani bila kuuliza mtu, na kiwango hicho kilifuata uzoefu na rekodi yake. Watumishi waligawiwa sehemu ya faida mwishoni mwa mwaka. Yuniti iliyoshindwa kujikimu ilishushwa hadhi ikawa kituo kidogo cha kijiji. Mkopo mbaya ukawa umegusa bonasi ya mtu mwenye jina, anayekaa mtaa uleule na aliyemkopesha.

Diwani akija na orodha yake, mtu wa namna hiyo anazo sababu zake mwenyewe za kukataa. Hilo ni tofauti na kumpa mwongozo unaomwambia akatae.

Wateja nao walisoma mabadiliko hayo haraka. Mkopo wa kwanza ulikuwa mdogo. Aliyelipa vizuri alipandishwa, tena bila kusubiri miezi ya vikao. Dhamana ilikuwepo, mara nyingi karatasi za ardhi zisizo hati kamili, ambazo kuziuza mahakamani kungegharimu kuliko deni lenyewe. Kilichomfanya mtu alipe ni kujua kwamba dirisha litakuwa wazi mwezi ujao. Mkopaji wa mfuko wa serikali wa kawaida hana uhakika huo. Anajua mfuko huja na uchaguzi na kuondoka na waziri, kwa hiyo anafanya hesabu ya mtu mwenye akili: chukua mapema, usirudishe. Wakati wa mabilioni ya JK, yaani Rais Jakaya Kikwete, mwaka 2006, kila mkoa wa Tanzania Bara ulipotengewa shilingi bilioni moja za kukopesha wajasiriamali, jina lenyewe la mitaani lilimtaja mtoaji kana kwamba ni zawadi yake. Sidhani kama ipo njia ya kudai marejesho ya zawadi.

Lakini kilichoigeuza BRI kabisa, kwa maoni yangu, ni akiba. Imani ya wakati ule ilikuwa kwamba watu wa vijijini hawaweki fedha kwa kuwa hawana. Utafiti uliofanywa wilaya ya Sukabumi, Java Magharibi, ulikuta wanaweka sana: kwenye dhahabu, kuku, mbuzi, mpunga, na noti zilizofichwa. Ile akaunti ya serikali ya asilimia 15 hawakuipenda kwa sababu iliruhusu kutoa fedha mara mbili tu kwa mwezi. Mchuuzi hawezi kufungiwa mtaji wake wiki mbili. Kwa hiyo mwaka 1986 ikaenezwa nchi nzima akaunti ya SIMPEDES: toa wakati wowote, mara yoyote. Riba yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya zamani, na salio lililo chini ya rupia 25,000 halikulipwa kitu. Watu wakamiminika. Kulikuwa pia na bahati nasibu kwa wenye salio, ikichezeshwa hadharani kwa shamrashamra, ambayo nakiri ilivuta wengi kuliko hoja zote za wachumi.

Mwaka huohuo wa 1986 yuniti zilikuwa zimeanza kupata faida. Kufikia mwaka 1990 amana za wanakijiji zilizidi mikopo yote iliyotolewa na yuniti. Hazikuhitaji tena mfadhili wala bajeti. Sasa fedha anayokopeshwa mchuuzi wa samaki ilikuwa ya mama muuza vitumbua wa jirani, aliyeiweka juzi na atakayekuja kuitaka kesho. Benki isipoidai kwa mkopaji, itaulizwa na mwekaji kwenye dirisha lake lenyewe. Ni ule uhusiano wa Purwokerto, wa fedha yenye wenyewe wanaojulikana, ila umepanuliwa hadi mamilioni ya watu. Kina mama wa vikoba na upatu hapa kwetu wanaufahamu bila kusoma kitabu: anayechelewesha hisa anaangaliwa na wenzake ana kwa ana. Mfuko wa serikali hauwezi kuwa na macho hayo mpaka ndani yake iwemo fedha ya watu wa pale.

Mtihani ulikuja mwaka 1997. Dola moja iliyokuwa ikibadilishwa kwa rupia zipatazo 2,400 katikati ya mwaka ilivuka 10,000 mwaka uliofuata. Makampuni makubwa yaliyokopa kwa dola yalianguka, Suharto akang’oka Mei 1998, na upande wa BRI uliokopesha matajiri ukaoza kiasi cha serikali kulazimika kuiokoa benki kwa mtaji mpya. Yuniti hazikutikisika. Wachuuzi waliendelea kulipa, na waweka akiba, wakikimbia benki binafsi zilizofungwa, walizidi kuja. Benki iliyokuwa imeambiwa kwa miaka mingi kwamba kukopesha wadogo ni huruma, iliishi kwa hao wadogo. Novemba 2003 iliuza hisa zake kwa umma katika soko la Jakarta.

Sitaki msomaji aondoke akidhani tutainakili BRI kesho asubuhi. Java imejaa watu. Ofisa mwenye pikipiki anaweza kuona wateja kumi kabla ya adhuhuri, na yule wa Sikonge au Turkana hawezi. Yuniti hazikuwafikia maskini wa mwisho kabisa, na wanawake walikuwa wachache miongoni mwa wakopaji. Zaidi ya hapo, ofisi 3,600 zilikuwa zimeshajengwa kwa fedha za mafuta kabla mageuzi hayajaanza, urithi ambao sisi hatukuwa nao. Sisi tulirithi kitu kidogo kuliko hicho, lakini si haba: mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ilipogawanywa, matawi ya wilayani yalikwenda kwa benki mpya, NMB. Ilianza hasa kwa kupokea amana na kulipa mishahara, mikopo midogo ikaja baadaye, na mwaka 2005 Rabobank ya Uholanzi na washirika wake wakanunua asilimia 49. Matawi hayohayo, yaliyokuwa mzigo, yakawa ndiyo mali.

Ndiyo maana ninayatazama mageuzi ya mikopo ya asilimia 10 kwa matumaini yenye mashaka. Sheria inazitaka halmashauri za Tanzania zitenge sehemu hiyo ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilijaa habari za marejesho yasiyorudi na vikundi hewa, na Aprili 2023 serikali ikaisimamisha mikopo hiyo. Iliporudi mwaka uliofuata, halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu kuipitisha benki. Wengi walishangilia: sasa wataalamu wameingia. Lakini BRI ya miaka ya BIMAS nayo ilikuwa benki. Ilikuwa na wahasibu, fomu na kabati za chuma. Kama majina yanachaguliwa na kamati, riba ni sifuri, na hasara inarudi kwa halmashauri, benki ni bomba tu lenye kiyoyozi. Ningependa kuona benki hiyo ikitia angalau robo ya fedha yake yenyewe katika kila mkopo, ikaruhusiwa kutoza gharama yake, na kikundi kikaweka akiba kwanza. Bila shaka hilo litapunguza idadi ya wanaopata mwaka wa kwanza. Diwani hatalipenda.

Indonesia yenyewe haikukaa palepale. Mwaka 2007 serikali ilianzisha mkopo mwingine wenye dhamana yake, KUR, na baada ya 2015 riba yake ikashushwa kwa ruzuku hatua kwa hatua hadi asilimia 6 mwaka 2020. BRI ndiyo mtoaji mkubwa. Wateja waliokuwa wakilipia bei kamili bila manung’uniko wanauliza kwa nini wasihamie huko, na hawana kosa. Siasa ya mkopo rahisi haifi. Inasubiri bajeti inenepe.

Kisha Novemba 2024 Rais Prabowo Subianto alitia saini kanuni ya kufuta madeni ya wakulima, wavuvi na wafanyabiashara wadogo katika benki za serikali. Niliposikia kichwa cha habari nilidhani BIMAS imefufuka. Maelezo yake ni makini kuliko kichwa: yanahusu madeni yaliyokwisha kuondolewa vitabuni angalau miaka mitano nyuma, yasiyozidi rupia milioni 500 kwa mtu, ya watu wasio na uwezo tena wa kulipa, ambao majina yao, kwa kubaki katika orodha ya wadaiwa sugu, yalikuwa yamewafungia mlango wa kukopa popote. Na kanuni ilipewa miezi sita tu ya kutumika. Kama kuna msamaha ambao benki inaweza kuuhimili, ni wa namna hii, wenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa, ili anayedaiwa leo asikae akiusubiri wa kwake.